Gunia Ambalo Sikulifungua

Nakumbuka siku moja kule Masereka, mwanangu, nilipotaka kumwaibisha baba wa rafiki yangu kwa kalamu. Nimesoma dissertation, ile insha uliyoniachia jana. Mimi niliishia mwaka wa tatu wa sekondari, sijui kama nina haki ya kukusahihisha. Lakini hili moja nalijua.

Mwalimu wetu, Paluku, alitupa swali: kwa nini viazi vyetu vinaoza kabla ya kufika soko la Butembo? Andiko bora lingesomwa Jumamosi mbele ya wazazi. Nilijaza kurasa tatu bila kupumua. Mkosaji, niliandika, ni Mzee Saidi mwenye lori: anaviacha vioze makusudi ili avinunue kwetu kwa bei ya bure. Binti yake, Zaina, alikuwa amekaa nami benchi moja.

Mwalimu akasoma, akaniita.

"Masika, uliona na macho yako?"

"Hapana, mwalimu. Mais batu bote banasema." Lakini watu wote wanasema, ndivyo nilivyojitetea.

"Batu bote ni banani? Andika majina yabo hapa."

Nikaandika jina la baba. Nikaandika la shangazi, aliyesikia kwa baba. Kalamu ikasimama.

"Donc, basi, uko na shahidi mumoja, na ni mwenye viazi. Fwata gunia, toka shamba mpaka Butembo. Kisha uandike upya."

Zaina alikuwa amesikia yote. Nilidhani atanitukana. Akasema tu, "Kuya. Papa hakulaka batu, hata benye kumuandika mubaya." Yaani nije, baba yake hali watu.

Nikalifuata gunia. Shambani baba alichimba viazi mvuani, akavifunga vikiwa na maji na matope, kwa kuogopa kuachwa na lori. Mimi mwenyewe nilimshikia mdomo wa gunia. Mzee Saidi akafunika mzigo kwa turubai zito, akangoja siku mbili lori lijae. Nikapanda lori naye, na kule Butembo akalifungua gunia mbele yangu: chini viazi vilikuwa vimelainika, vinanuka.

Jumamosi andiko langu jipya ndilo lililochaguliwa. Baba alikaa mstari wa mbele. Kumsema Mzee Saidi kulikuwa kumenijia rahisi mno. Nikasoma: "Nimeona baba yangu akifunga viazi vyenye maji. Nimeona Mzee Saidi akivifunika siku mbili."

Baba akasimama. "Mutoto anasema kweli. Nilikuwa nakimbilia lori."

"Na mimi nilikuwa nangojea lori ijae," Mzee Saidi akamjibu baba kwa jina lake, akicheka. "Kambale, basi tumeoza sisi wawili!"

Msimu uliofuata baba alianika viazi barazani kwanza, na lori likamngoja. Si kila mara, niseme haki. Mara nyingi.

Sasa, mwanangu, nimetia alama ya kalamu ya risasi kila mahali ulipoandika "kila mtu anajua". Ni mara sita. Chini ya kila alama andika nani alikuambia, na wewe uliona nini. Ukikosa, futa sentensi hiyo, hata kama ni tamu. Nenda ukamuulize yule unayemshitaki kabla hujamaliza. Na ushahidi ukigeuka ukaelekea nyumbani kwenu, usiuzuie mlangoni.

Mungu akupe miguu ya kwenda kuuliza na moyo wa kuandika ulichokikuta. Na siku utakaposoma kwa sauti, yule uliyemtaja awe amekaa mbele yako, asikie yote, na aitike.