Blanketi la Jumapili

Bibi yangu alizoea kusema kwamba mimi ni chungu kidogo, sikawii kuchemka. Alisema kweli. Nimekuwa mtu mzima, nimestaafu, na bado nachemka. Lakini kuna siku moja nilichemka mbele yake, na tangu siku hiyo sijaipenda tena tabia hii, ingawa sijaiacha.

Yeye ndiye aliyenilea, kule Chome, chini ya msitu wa Shengena, mahali ambapo mwezi wa saba ukungu huingia ndani bila hodi na hautoki mpaka saa nne. Kifua chake kilikuwa kibovu tangu zamani. Mwaka ule vita vilikuwa vimekwisha na maduka hayana kitu, kikazidi. Mimi nilikuwa nafundisha shule ya msingi mjini Same. Tukapewa barua ya hospitali kubwa ya Dar es Salaam, tukapanda treni, tukafikia kwa mama mdogo Ilala. Daktari akampima, akampa dawa za maji, kisha akaniita kando.

"Mwalimu, hizi dawa ni nusu tu. Nusu nyingine ni joto. Huyu bibi asilale na baridi."

Blanketi alilokuwa nalo lilinizidi umri. Ukilinyanyua dirishani unaona nje. Pale Same nilikuwa nimejiandikisha duka la ushirika mara mbili, na mara zote mbili mablanketi yaliisha kabla ya kufika jina langu, ingawa niliwaona watu walioandikishwa nyuma yangu wakitoka nayo yamefungwa kwenye magazeti. Kwa hiyo nikaamua hatuondoki mjini bila blanketi. Nilijua lipo. Mjini wakati ule kila kitu kilikuwapo, ila hakikukaa juu ya meza.

Tulizunguka Kariakoo siku tatu. Nilimwambia Bibi apumzike nyumbani, akakataa, akasema blanketi halinunuliwi kwa macho ya mtu mwingine. Akavaa viatu vyake vya kanisani, akashika mkono wangu, tukaingia katikati ya mafungu ya nyanya, sufuria, kandambili na watu waliokuwa wakipiga kelele kama wanaogombana, kumbe wanauza. Kwetu gulioni huulizi bei ya ndizi mpaka uulize hali ya watoto. Bibi alifanya hivyohivyo Kariakoo. Alisimama mbele ya kila muuzaji, akasema, "Amani iwe kwako, mwanangu, nyumbani hawajambo?" Kiswahili chake alikipata kwenye Biblia. Wengine walimwamkia, wakamjibu vizuri. Wengine walicheka. Niliona aibu, nakiri, nikamvuta mkono kwa nguvu kuliko ilivyostahili, na yeye akaja bila kulalamika huku akihema.

Siku ya tatu ilikuwa Ijumaa. Mtu mmoja akatuelekeza kwa kijana aliyekuwa akiuza vitana na nyembe mtaa wa nyuma. Vitana vilikuwa vya kuonyesha askari; duka lenyewe lilikuwa chini ya meza, ndani ya gunia. Akatazama huku na huku, akatoa blanketi la kijivu lenye mistari myekundu pembeni, zito, jipya.

Bibi alilipapasa kwa vidole, akalifunua pembe, akaliweka shavuni. Akafumba macho palepale, katikati ya mtaa.

"Bibi ametoka wapi?" kijana akaniuliza.

"Upareni."

"Mpare! Basi leo siuzi, tutakesha hapa kwa shilingi moja."

Bibi akacheka mpaka akakohoa. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu tutoke nyumbani. Wakapatana bei upesi, kwa kweli upesi mno kwa Mpare, na mimi nikaanza kupumua. Ndipo akainua uso akatazama juu, kwenye kuta za maghorofa. Jua lilikuwa limebaki kwenye madirisha ya juu tu.

Sisi ni Wasabato, kama walivyo wengi kwenye mlima ule. Jua likizama Ijumaa, kununua na kuuza kumekwisha mpaka Jumamosi lizame tena. Na kule gulioni kwetu kila mtu anajua la kufanya ukiwahiwa na jua: unakiwekea kitu mkono, unasema, "Hiki changu Jumapili," na mwenyewe anakitenga. Hata aje nani na bei gani, anaambiwa kina mtu. Sijawahi kusikia aliyevunja neno hilo.

Bibi akaweka mkono juu ya blanketi. "Hiki changu Jumapili, mwanangu."

Kijana akanitazama mimi. "Dada, mweleze. Kesho saa nne halipo."

Nilimweleza. Nilimsihi. Nikamwambia jua bado, nikamwonyesha madirisha. Akasema madirisha si mlima, hapa chini limeshazama. Akamshukuru yule kijana, akamwombea baraka, tukaondoka.

Kesho yake alikaa chumbani kwa mama mdogo na kitabu cha nyimbo, akala chakula kilichopikwa Ijumaa. Mimi nikasema nakwenda kumjulia hali mwalimu mwenzangu anayeumwa. Nikaenda Kariakoo nusu nakimbia. Nilimkuta kijana anamwonyesha mama mwingine blanketi lile. Nikatoa pesa zangu zote, nikalipa.

"Nikufungie?"

"Hapana. Liweke. Bibi atakuja kesho, umpe kama vile hukuniona."

Akatikisa kichwa. "Wapare mna mambo."

Jumapili tukaenda. Bibi akafungua fundo la kitambaa chake, akatoa pesa, na yule kijana, ambaye nilishamlipa, akazipokea kwa mikono miwili, akasema asante sana bibi, wala hakunitazama. Niliuma meno, nikamsaidia kufunga tena kitambaa. Bibi akalikumbatia blanketi njia nzima mpaka Ilala.

"Umeona? Na wewe ulisema mjini hakuna watu."

Sabato iliyofuata alisimama kanisani Chome akatoa ushuhuda. Akaeleza jinsi alivyoacha blanketi mikononi mwa mtu asiyemjua, katika mji ule, mwaka ule, na Mungu akalilinda siku nzima ya Sabato. Watu wakaitika amina. Mzee wa kanisa akafuta macho. Mimi nilikuwa benchi la tatu, nimeinamia Biblia yangu kama ninayetafuta fungu.

Baridi ya mwaka ule ilipita salama. Alilala vizuri, akanenepa kidogo, akarudi kupalilia maharage yake. Na kila jioni katika sala alimtaja: "Na yule kijana wa Kariakoo, Bwana, aliyetunza neno." Kila nilipopanda kumtembelea nilimsikia. Aliombewa yeye kwanza, mimi baadaye.

Mwaka uliofuata, Julai, kifua kilirudi kwa nguvu. Shule zilikuwa zimefungwa, nikapanda kumuuguza. Nilimpikia uji, nilimgeuza, nilimkanda mgongo, nikawa silali. Asubuhi moja, nikiwa namlisha, akaniambia nikienda tena Dar es Salaam nimpelekee yule kijana debe la maharage. Alikuwa ameshayatenga, yapo uvunguni. Huku kwetu tulikuwa tunayapima maharage yenyewe kwa kikombe.

Nikachemka. Si dhamiri iliyonisukuma, nisijipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Ulikuwa wivu.

"Bibi, huyo mlanguzi hakukuwekea kitu! Alikuwa anamuuzia mtu mwingine. Ni mimi niliyekwenda Jumamosi nikalipa. Na pesa zako akazichukua vilevile."

Uji ukapoa.

"Jumamosi saa ngapi?"

"Saa tano."

"Nilikuwa naimba," akasema. Kisha akasema, "Nifunue, mwanangu."

"Bibi, kuna baridi."

"Nifunue."

"Kwani Mungu anataka ufe?"

"Ya Mungu siyajui yote. Najua mimi nilisimama mbele ya watu nikasema ni yeye aliyelilinda."

Hakunigombeza. Ningefurahi angenigombeza. Nililitoa blanketi, nikalikunja, nikaliweka miguuni pake, nikamfunika lile kuukuu ambalo lilikuwa nyuzi tupu. Koti langu nalo alilisukuma kando. Nikalia, nikamwomba msamaha, akanishika kichwa, akasema amenisamehe. Lakini blanketi hakulitaka.

Mchana wakaja akina mama wa kanisa pamoja na mzee wa kanisa. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka mlangoni. Mama mmoja akamwona anavyotetemeka.

"Mama, mbona umelala hivi? Na blanketi la ushuhuda si hili hapa?" Akalishika alikunjue.

Nilikuwa nimesimama karibu na mlango, nimebeba kuni. Nikajua sasa atasema, kwa sababu bibi yangu hakuwa mtu wa uongo. Tangu nizaliwe sikumsikia akisema hata ule mdogo wa kumnyamazisha mtoto. Akageuza uso akanitazama, kisha akamtazama mzee wa kanisa.

"Liacheni," akasema, meno yakigongana. "Nasikia joto."

Wakafurahi, wakasema kumbe damu inatembea vizuri, wakamwimbia wimbo mmoja na kumshukuru Mungu. Ningeweza kusema palepale. Mdomo ninao, na siku zote huwa mwepesi.

Alifariki siku ya tatu asubuhi. Kila aliyeingia kumwona kabla ya hapo alimwambia hivyohivyo, anasikia joto, na mimi nilikuwapo kila mara, nikasikia, nikakaa kimya.