Mifereji Kwenye Kucha za Shemeji

Ilikuwa mwaka ule tulipohamia duka la kona. Hapana, nasema uongo. Ulikuwa mwaka wa kabla yake, maana bado nilikuwa napiga pasi ya mkaa pale mlangoni mwa duka letu la zamani la ushonaji, na shemeji yangu, mume wa dada, akishona huko ndani.

Shemeji hakupenda chaki. Pindo alilitia alama kwa ukucha wa dole gumba: anabana kitambaa, anavuta mara moja, mstari umekaa. Siku hiyo alikuwa na gauni la hariri la mteja. Akavuta, uzi ukanasa. Akavuta tena, ukanasa. Akainua mkono kwenye mwanga, kisha wa pili.

"Shemeji, hebu njoo uone," akaniita.

Kila ukucha ulikuwa na mfereji umeukata kwa mkingamo, katikati, kama umepimwa kwa rula.

"Uzee huo," nikamwambia. "Hata mimi ninayo."

"Yako imesimama. Yangu imelala."

Nikatazama vidole vyangu. Kweli, yangu ilikwenda toka shina hadi ncha. Nikasema basi yako imechoka kuliko yangu. Hakucheka.

"Mama naye kucha zilianza hivihivi," akasema. "Tukadhani ni sabuni. Hakumaliza mwaka."

Akatafuta msasa, akazisugua kucha dada asije akaziona, hata tulipofika zahanati ziling'aa kama vifungo vya koti.

"Sasa mimi niangalie nini?" daktari akauliza.

Bahati, kidole kidogo cha kushoto alikisahau. Daktari akakishika muda mrefu.

"Na zote zilikuwa na mfereji mahali pamoja?"

"Zote," nikajibu mimi. "Niliziona."

Akatueleza polepole. Mistari iliyosimama mara nyingi huja na umri. Huu uliolala maana yake ukucha uliacha kukua kwa muda, kisha ukaendelea. Zikiwa zote pamoja, ni mwili mzima uliotikisika, na kwa mahali mfereji ulipofika, jambo lenyewe lina miezi miwili mitatu.

"Ulipata homa kali? Ulilazwa?"

"Sijaugua."

"Mshtuko, labda? Hofu kubwa?"

Shemeji akatazama viatu vyake. "Hapana, daktari."

Damu ilipopimwa ilikuwa safi. Mfereji utasogea wenyewe, daktari akasema, mpaka uishie kwenye mkasi. Mimi nikashusha pumzi. Shemeji yeye hakushusha, na tulipotoka nje akanishika mkono kwa nguvu.

"Dada yako mwambie damu ni safi. Hayo maswali mengine usimwambie."

Hapo ndipo nikakumbuka. Miezi kama hiyo nyuma aliaga anakwenda kununua vitambaa, akakawia, akarudi amekonda, mikono mitupu. Alisema alikosa usafiri, nasi tukamtania kwamba vitambaa vimemla yeye.

Kucha zilikua zikawa laini, hariri ikaacha kunasa. Lakini tangu siku ile kila mtu akibisha mlangoni, yeye alikuwa anaacha kukanyaga cherehani, anasubiri kwanza asikie sauti. Nilimuuliza palepale njiani, nikamuuliza tena alipokuwa mzee kitandani, na mara zote aligeuza uso: shemeji, kule ulikokwenda ulikutana na nini?