Sikio la Massoudi

Mume wangu Massoudi hakuhitaji mashine kujua ugonjwa wa gari. Alichukua bisibisi yake ndefu, ncha akaiweka juu ya injini inayonguruma, mpini akaubana sikioni, akafumba macho. Akimaliza anakuambia ni vali, au ni beringi, au ni wewe tu hujui kuendesha. Miaka ishirini na mbili hapa mtaani Bwiza, hakuna dereva aliyenunua gari kabla Massoudi hajalisikiliza. Wengine walimwamini kuliko walivyowaamini wake zao, na mimi wake zao nawajua, hawakukosea sana.

Kisha petroli ikaadimika mjini. Magari yakalala kwenye foleni vituoni, mengine yakabaki uani kwa wenyewe, na gari lisilotembea haliharibiki. Massoudi akakaa mlangoni mwa gereji akingoja. Akauza jeki, akauza spana, mwisho akabaki na bisibisi na mlango wa bati. Nyumbani tulikula maharage mara moja kwa siku, na binti yetu Yasmina akaanza kusema hana njaa. Mtoto wa miaka kumi na mmoja akisema hana njaa ujue amewaonea huruma wazazi wake. Hilo lilinimaliza.

Mimi ndiye niliyeona tangazo, kwenye kioo cha ofisi moja kule Asiatique: wanachukua watu wa kufundishwa kazi ya maketingi kwa miezi mitatu, umri wowote, na mmoja wao ataajiriwa mwisho.

"Mi na miaka yangu makumi ine na sita, niende stage, kufundishwa kazi?" akauliza Massoudi.

"We uko na kazi ingine?" nikamjibu. "Basi vaa shati."

Nilimsema vibaya siku hiyo, na sijamwomba radhi.

Mwalimu wao aliitwa Jordan, kijana wa miaka ishirini na sita mwenye viatu vyeupe. Aliwafundisha kutunga maneno ya kuvuta wateja, kupiga video, kuzitupa kwenye makundi ya WhatsApp na kuangalia nani ametazama. Hapo tukakutana na balaa jipya: simu haikuvitambua vidole vya Massoudi. Chuma na grisi vimeviotesha sugu, anabonyeza na kubonyeza, kioo kimya. Basi kila jioni tulikaa mkekani, yeye anasema, mimi naandika, na mimi ndiye ninayetuma.

Walikuwa wanafunzi wanne, wenzake vijana watupu, naye alikuwa wa mwisho. Mwezi wa pili ulipokwisha nilimkuta ameegemea ukuta wa choo analia bila sauti.

"Mama Yasmina, hii kazi sitaiweza. Bale batoto bananicheka."

Nilitaka kumkumbatia. Nikamwambia anawe uso, kwa sababu kama ningemkumbatia tungelia wawili na sufuria ingebaki tupu vilevile.

Mwezi wa tatu akaja mteja mwenye dawa inayoitwa Ongeza, kichupa cha buluu unachomimina kwenye tangi, ati lita moja itatembea kama mbili. Jordan alipokumbuka kwamba Massoudi alikuwa fundi, nusura ambebe.

"Muzee, batu bote ba Bwiza banakuamini," akamwambia. "Utasikiliza moteur, utaitika na kichwa, basi. Ijumaa unasaini contrat ya kazi."

Jumatatu wakapiga video. Massoudi alirudi nyumbani akakaa bila kuvua viatu.

"Ile gari haikuwa na esanse hata tone moja," akaniambia. "Moteur ilikuwa imezima. Nimeweka tournevis kwa sikio, sikusikia kitu, nikaitika."

"Si bataweka muziki juu yake?"

"Bataweka."

"Basi nani atajua?"

"Mi hiyo dawa siijui, Mama Yasmina."

"Na njaa unaijua?"

Usiku video ilipofika na muziki wake, akanipa simu. Nikaituma video kwenye kila kundi la madereva alilokuwemo.

Kesho yake akanipigia Faruk, mdogo wangu wa tumbo moja, ambaye anaendesha teksi. Alikuwa amelala kwenye foleni siku tano mpaka akajaza tangi, na kichupa amekwisha kununua.

"Dada, shemeji ameisikiliza yeye mwenyewe?"

"Si umeona na macho yako?" nikasema.

Nilijibu swali kwa swali nikajiona mjanja.

Alhamisi mchana, Massoudi akiwa nyumbani, watu watano wakaileta teksi ya Faruk mpaka mlangoni kwetu wakiisukuma kutoka njia ya Carama. Ilikuwa imepiga kelele moja ikazimika, abiria akiwa ndani. Massoudi akafungua boneti, akamwambia Faruk ajaribu kuwasha, akaweka bisibisi sikioni na kufumba macho. Injini ikakohoa mara mbili tatu, ikanyamaza. Yeye akabaki ameinama hivyohivyo, muda mrefu, mpaka wale wasukumaji wakaanza kutazamana.

"Imekufa," akasema. "Ni ile dawa."

Faruk hakututukana. Angetutukana ningeshukuru. Alikaa chini kwenye vumbi akasema, "Mi niliona tournevis yako, shemeji."

Massoudi akaingia ndani, akaniambia nimshikie simu nimrekodi.

"Ni mi Massoudi, fundi wa Bwiza. Ile gari ya video ilikuwa imezima, sikusikia kitu. Hii dawa musiiweke. Munisamehe, kwa ajili ya Mungu."

Akafuta macho kwa kiganja. "Tuma kwa magroupe yote," akasema, akaenda uani kutawadha.

Kesho ilikuwa Ijumaa, siku ya mkataba. Nilisimama na simu nikisikia maji yakimwagika. Dirishani nilimwona ndugu yangu bado yuko kwenye vumbi. Jikoni Yasmina alikuwa anakwangua sufuria iliyokwisha kwanguliwa. Nikaifuta ile video ya kuomba msamaha bila kuituma. Niliogopa njaa kuliko nilivyomwogopa Mungu, na hilo nalisema wazi.

"Umetuma?" akauliza alipomaliza kuswali.

"Nimetuma."

Ijumaa aliondoka akijua anakwenda kufukuzwa. Akarudi na mkataba. Aliuweka mezani, akanitazama, akaenda kulala. Hajaniuliza mpaka leo. Jumamosi nilipika wali na samaki wa mukeke, Yasmina akala sahani mbili. Massoudi alisema hana njaa.

Wiki iliyofuata, asubuhi, Ilyasi akabisha hodi. Ni dereva wa mtaa wa pili, ana watoto sita. Mkononi alikuwa na kichupa cha buluu ambacho hajakifungua.

"Mama Yasmina, nasikia gari ya Faruk imekufa. Bamoja banasema ni hii dawa, bengine banasema ni uzee wa gari. Niambie kweli, we ndiye dada yake."

Massoudi alikuwa nyuma ya pazia anavaa viatu vya kazini. Nilisikia kiatu kimoja kikigusa sakafu, kisha kimya. Nilingoja aseme neno. Wallahi nilingoja, na Ilyasi naye akangoja, anakizungusha kile kichupa mkononi.

"Ni uzee," nikasema. "Ile gari ilikuwa imechoka."

Ilyasi akashukuru, akaenda. Nyuma ya pazia kiatu cha pili kikagusa sakafu.