Mama Alivyousugua Ukuta

Baba alipofariki, mama alitoka Tanga akaja kukaa nami huku ughaibuni, mtaa wa Balsall Heath, kwenye ghorofa la nyumba za umma. Nyumba yetu ilikuwa ya pembeni, na ukuta wa chumba chake ndio uliopokea upepo wote.

Mimi nilifanya kazi kwenye makao ya wazee. Kule joto lilikuwa sheria. Vyumba vilipimwa kila siku, na sisi wahudumu tulitokwa jasho. Nikirudi nyumbani jioni, namkuta mama yangu amekaa kitandani na koti, kanga mbili juu ya koti, na soksi zangu miguuni.

Hita zetu zilikuwa za umeme, zile zinazokusanya moto usiku na kuutoa mchana. Asubuhi huwezi kuzigusa. Mama anaposwali alasiri, zimeshapoa kabisa. Ukuta wake ukalowa, ukafanya kuvu jeusi kuanzia dirishani mpaka nyuma ya kabati.

Nilipiga simu ofisi ya nyumba hadi nikachoka. Hatimaye ikaja barua: mkaguzi atakuja kuangalia kama nyumba imefikia kiwango kipya cha joto. Nikamsomea mama kwa furaha. Nilidhani tumesikilizwa.

Siku moja kabla ya ukaguzi nilikwenda kazini kama kawaida. Niliporudi, harufu ya dawa ya madoa ilinikuta mlangoni. Mama alikuwa amepanda kiti, amesugua ukuta mzima, doa kwa doa, mpaka vidole vimechubuka.

"Mama, umefanya nini?"

"Kesho tuna mgeni, mwanangu. Unataka akatutangaze kwamba sisi wachafu?"

"Nilitaka auone ukuta ulivyo!"

"Chumba ni changu. Aibu ni yangu."

Mkaguzi alifika saa tatu asubuhi, hita zikiwa moto. Mama alikuwa amekaanga maandazi, na jikoni kulikuwa na joto la kupendeza. Yule bwana alivua koti. Akahesabu hita, akagongagonga kioo cha dirisha, akabandika kipimo chake ukutani.

"Jana ukuta huu ulikuwa mweusi," nikamwambia.

"Una picha?"

Sikuwa na picha.

"Basi mimi naandika ninachokiona."

"Rudi alasiri, uone baridi yake."

"Alasiri nina nyumba nyingine Kings Heath." Akafunga faili. "Msianike nguo ndani. Na mkipika, fungueni dirisha."

"Anasemaje?" mama akaniuliza.

"Anasema maandazi ni matamu."

Mama akamfungia mengine kwenye karatasi.

Barua ikaja: nyumba imefikia kiwango. Kabla majira ya baridi hayajafika katikati, kuvu lilikuwa limerudi. Nikapiga simu. Msichana wa upande wa pili akaniambia, kwa upole kabisa, kwamba faili lao linaonyesha nyumba ni kavu. Mama akaanza kukohoa, kisha akashikwa na nimonia, akalazwa. Daktari akauliza kama nyumbani kuna unyevu. Mama, kwa Kiingereza chake cha maneno matatu, akajibu haraka kwamba nyumba ni nzuri.

"Mwongo!" nikasema, mbele ya daktari, mbele ya wagonjwa wengine. Nilimwita mama yangu mwongo. Hakunisemesha siku mbili.

Daktari aliandika barua. Ofisi ikajibu kwamba tusubiri zamu ya ukaguzi mwingine. Kaka yangu hakusubiri. Alimtumia mama tiketi, mama akarudi Tanga, na kifua chake kikapona huko bila dawa ya mtu.

Kuwachukia watu wa ofisini ni rahisi, na bado nawachukia. Gumu kusema ni kwamba nilimchukia na mama. Kila nilipoingia chumba kile kitupu nilimwona juu ya kiti, anafuta ushahidi wetu kwa mikono yake mwenyewe, kwa ajili ya mtu aliyetukagua kwa muda usiotosha kunywa chai.

Mwaka uliofuata mafundi walikuja kuyavika maghorofa koti la kuzuia baridi kwenye kuta za nje. Walianza na yaliyofeli ukaguzi. Letu halikuwamo. Jengo la mbele lilivikwa, na nesi mmoja wa Kikuyu aliyekaa humo, tuliyezoeana kwenye kituo cha basi, akaniambia siku hizi analala na gauni jepesi tu.

"Hongera," nikamwambia. Haikutoka moyoni.