Ishara Niliyoacha Kuifunika

Mjukuu wangu, kaa hapa, na simu hiyo itie mfukoni. Siku nisiyoisahau ni ile niliyoambiwa nitafute gunia, nikaona uvivu.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nimeteremka kutoka Kasulu kwenda kufanya kazi ya reli. Pale stesheni, mahali pa kupangia mabehewa, palikuwa na ishara fupi za kufika magotini: kisahani cheupe chenye mstari mwekundu. Mstari ukilala sawasawa, dereva wa treni anasimama, ukiinama upande, anapita. Walikuwa wakiziondoa polepole, moja leo, nyingine baada ya miezi, na mahali pake anawekwa mtu mwenye bendera.

Asubuhi moja mafundi waliondoa waya wa kuvutia ishara ya njia ya tatu, na mtu wa bendera alikuwa bado hajaletwa. Kisahani kikakwama, mstari umeinama. Mzee Bukuru, fundi wa breki, mtu wa Mabamba, akaniambia, "Hiyo imestaafu. Ifunike gunia kabla hujanywa chai."

Nikaitikia, nikaenda kunywa chai. Kwani nani hakujua kwamba imekufa? Vijana ndivyo tulivyo: tukishajua sisi, tunadhani ulimwengu mzima umejua.

Dereva aliyeingia alikuwa mgeni. Akaona mstari umeinama, akasukuma mabehewa yake njia ya tatu, na Mzee Bukuru alikuwa humo akikagua breki, kati ya mabehewa mawili. Tulimtoa hai. Mguu wa kushoto ulikatwa.

Husema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi sikusikia, likavunjika la mkuu mwenyewe.

Nilimfuata hospitali na utetezi mwingi. Akaniacha nimalize. "Dereva hana kosa," akasema. "Aliambiwa pita, akapita. Wewe ulijua kitu kile hakisemi kweli, ukakiacha kiseme." Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Mwaka juzi, 2012, nilipita pale. Ishara zile zimebaki mbili tu, zote zimefunikwa. Kuna mwenye akili kunizidi.

Sasa wewe. Huu mwaka 2014 unakwisha, na binti wa watu kule Kabanga bado anatarizi mashuka ya harusi. Unaniambia, "Babu, sipokei simu zake, ataelewa tu." Ataelewaje? Barua ya posa niliipeleka mimi, na wazee wenzangu. Nimekusemesha Pasaka, nikakusemesha tukivuna maharage. Nimechoka, mwanangu. Kumwacha si dhambi. Kumwacha asijue ndiko kunakomvunja.

Jambo likikwisha, litamke kwamba limekwisha, kwa mdomo wako, mbele ya yule atakayeumia kwa kutojua. Usitume rafiki wala ujumbe. Kesho asubuhi nenda Kabanga, umwambie, na wakikutukana, nyamaza. Keshokutwa nitamfuata baba yake, maana aibu hii ni yangu pia.

Mungu akupe ulimi wa kweli, na yule binti ampe mume anayepokea simu. Haya, inuka.