Meno ya Kalengera Mbele ya Protoni

Niliondoka Goma kwa hasira, na sioni haya kulisema. Kisa kilianzia Kanyaruchinya, wakati kambi ya wakimbizi bado imejaa watu. Nilikuwa nimekwenda kuchota sampuli za maji kwa ajili ya wanafunzi wangu wa fizikia. Bwana mmoja wa shirika la misaada akasimama mbele ya foleni na kipaza sauti, akawaambia akina mama kwamba watoto wao wana meno ya kahawia kwa sababu ya uchafu. Akamshika msichana mmoja kidevu, akamfumbua kinywa, akawaonyesha watu wote. Msichana huyo aliitwa Riziki. Mama yake alikuwa hapo hapo, bidoni la maji mkononi.

Nilimjibu mimi. Nilimweleza kuwa moshi wa volkano ya Nyiragongo hubeba florini, mvua hupita ndani ya moshi huo, na watu hawa hawana cha kunywa ila mvua. Florini kidogo hulinda jino. Ikizidi, hulitia madoa ambayo hakuna mswaki unaoyatoa. Alinisikiliza kwa tabasamu la mtu anayengoja gari lake, kisha akasema nilete ushahidi. Haya. Nikaapa kuuleta.

Ushahidi wa namna hiyo haupatikani Goma. Unahitaji akselereta, mtambo unaozipa protoni mwendo mkali na kuzipiga kwenye kitu. Protoni ikigonga kiini cha florini, kiini hicho hutoa miali ya gama yenye nguvu yake maalumu, na detekta, kifaa cha kunasa miali, ikiisoma hakuna wa kubisha. Jino lenyewe halidhuriki. Niliandika barua nyingi, hadi maabara moja ya kusini mwa Afrika ikakubali kunipa saa kadhaa za mtambo wao. Jina lake silitaji, maana nitawasema, na wengine wao walinitendea wema.

Kilichobaki ni meno, na hapo mambo hayakuwa mepesi. Kwetu jino la utoto halitupwi ovyo. Mtoto hulirusha juu ya paa la nyumba yao na kuomba lingine zuri. Kanyaruchinya hakukuwa na paa. Turubai si paa, walisema akina mama, na hema si nyumba. Kwa hiyo kila jino lililong'oka kambini lilifungwa kwenye pembe ya kitenge likingoja siku ya kurudi kwao. Niliyaomba meno hayo kwa Mama Riziki na jirani zake, wote watu wa Kalengera, kwenye barabara ya Rutshuru.

"Minakukopesha tu, Madame Kavira," Mama Riziki aliniambia. "Siku tutarudia kwetu, batoto batatupa meno yabo ku manyumba yabo. Ukiyapoteza, utakuya kuniambia nini?"

Nilimwahidi kwamba hata moja halitapotea. Ahadi ni deni, na hili nilijitwika mwenyewe.

Ndosho, mtaa wa Goma, asubuhi ya kuondoka. Kambi ilikuwa imekwisha kuvunjwa, na Mama Riziki alikuwa amejibanza kwa shemeji yake, karibu na karakana za mafundi wa milango. Kelele za chuma zilituzidi nguvu, ikabidi tuongee kwa kukaribiana. Alifungua kopo nililohifadhia meno, akafunua karatasi moja moja na kulitaja jina la kila mtoto, kama mtu anayewakabidhi watoto wenyewe. Kisha akafunga kopo, akaniombea safari njema, akarudi kwenye unga aliokuwa akiuchekecha.

Mpakani. Uwanja wetu wa ndege umefungwa tangu vita viingie mjini, kwa hiyo mtu wa Goma anayetaka kuruka sharti kwanza avuke kwenda Rwanda kwa miguu. Afisa mmoja alifungua mkoba wangu, akafungua kopo, akaruka nyuma. Akawaita wenzake. Waliniuliza kama mimi ni mchawi, tena kwa upole, kama watu wanaotaka tu kujua wanashughulika na nani. Nilipowaeleza habari ya mapaa, yule mkubwa wao alicheka, akasema jino lake la kwanza lilidondoka kwenye bati na kumrudia kichwani. Wakanipisha. Nilivuka nikiwa nimetulia kidogo, nikadhani magumu yamekwisha.

Kigali nilipanda ndege, nikabadilisha nyingine, nikashuka kwenye mji wa baridi na upepo ambako kila mtu alitembea ameinamisha kichwa. Mwenyeji wangu, Profesa Naledi, alinipokea mwenyewe. Ni mama mrefu, mwenye maneno machache, na ndiye aliyenipigania nipate zile saa. Njiani aliniuliza habari za Goma, nami nikamweleza. Hakutoa pole za haraka haraka, na kwa hilo nilimpenda.

Maabarani asubuhi iliyofuata. Nimefundisha akselereta miaka mingi kwa kuchora ubaoni, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kuuona mtambo wenyewe. Tangi refu la chuma limelala upande mmoja wa ukumbi. Kutoka humo protoni hupita kwenye bomba lisilo na hewa, sumaku huzipinda, na mwisho wa bomba kuna chumba kidogo cha chuma ambamo jino hukaa peke yake. Nje yake kuna detekta ya germaniamu, iliyopoozwa kwa nitrojeni baridi kupita barafu yoyote. Niligusa bomba kwa kiganja. Nilifurahi, na papo hapo nikaumia. Wanafunzi wangu wana akili za kutosha kuuendesha mtambo huu, na wanachora mishale kwenye daftari. Nani aliamua hivyo?

Ubishi wa kwanza ulikuja kabla protoni hazijatoka. Profesa Naledi alitaka tuyakate meno katikati, ili tuone florini imeingia kwa kina gani. Ndivyo wanavyofanya wengi. Nilikataa. Nilimweleza kwamba meno haya yameazimwa, kwamba kuna watoto wanaoyasubiri. Aliniangalia, akaliangalia kopo, akasema basi tutabadilisha nguvu ya protoni kidogo kidogo. Kila nguvu itagonga florini ya kina chake, na jino litabaki zima. Itakula saa nyingi zaidi, alionya. Nikamwambia na ziliwe.

Mchana kutwa tulikaa mbele ya skrini. Tulianza na kishikio cha jino kikiwa kitupu, maana asiyepima utupu hajui alichopima. Mstari ukalala chini. Kisha tukaweka jino la mpwa wake Profesa Naledi, mtoto wa mji ule. Pakainuka kilima kidogo mahali pa florini. Kisha jino la Riziki. Sikulazimika kusubiri. Kilima kilipanda tukiwa bado tunavuta viti, kikaendelea kupanda, na kilikuwa kirefu zaidi kwenye uso wa jino, sehemu inayoendelea kunywa kile anachokunywa mtoto. Meno mengine yakasema vile vile. Uchafu haung'ai hivyo. Machozi yalinitoka, na hayakuwa ya furaha. Nilikuwa nakiona tena kidevu cha mtoto mkononi mwa mtu mzima.

Jioni, mtambo ulipozimwa, ndipo alipoingia Bwana Dawid, mkuu wa usalama wa mionzi. Alivaa glavu, akalitoa jino la mwisho kwenye chumba cha chuma, akalikusanya na mengine, na mkono wake ukaelekea kwenye pipa la manjano la taka za mionzi. Nilimshika mkono. Najua hairuhusiwi kumshika mkuu wa usalama mkono, nilimshika. Akasema kwa utulivu kwamba sampuli ya mwili wa binadamu iliyopigwa na mtambo haitoki nje ya ukumbi, ndiyo kanuni.

Nikamwomba apime kwanza. Protoni za nguvu ile haziachi kitu cha maana kwenye jino, na kidogo kinachobaki hufa upesi. Tuliweka meno mbele ya detekta, mtambo umezimwa, tukasubiri. Kisha tukaiacha detekta bila kitu, tukasubiri tena. Picha mbili zikatoka sawa. Akakiri kuwa ni sawa. Kisha akasema kanuni haisomi picha, na akanyoosha tena mkono kwenye kopo.

Ukutani nyuma yake kulikuwa na picha kubwa ya shanga za dhahabu za kale. Profesa Naledi alikuwa amenionyesha asubuhi kwa fahari: zilipimwa kwenye bomba lile lile, wakajua dhahabu ya wahenga ilichanganywa na nini. Nikauliza shanga ziko wapi sasa. Bwana Dawid akajibu zilirudishwa makumbusho, bila shaka.

"Kwa hiyo dhahabu ina mwenyewe," nilisema, "na meno ya watoto wetu hayana?"

Sauti yangu ilikuwa juu, na Kiingereza changu kilikuwa kimekwisha kuvunjika, lakini hakuna aliyekosa kuelewa. Niliendelea. Nikasema kwetu Kivu tumezoea kutoa: madini yanatoka, mbao zinatoka, na kinachorudi ni watu wenye vipaza sauti wa kutufundisha usafi. Nikasema meno haya ndiyo kitu pekee nilichobeba ambacho si changu, na sitoki ukumbini bila hayo. Nikakaa kwenye kiti mbele ya pipa. Profesa Naledi alivuta kiti chake, akakaa karibu nami.

Bwana Dawid si mtu mbaya. Ni mtu ambaye hajawahi kuulizwa swali kama lile. Alikwenda ofisini, akarudi na kipimo chake mwenyewe, akalipima jino moja baada ya jingine bila kuruka hata moja, akayafunga kila moja kwenye karatasi yenye jina lake. Akauliza jina la Riziki linatamkwaje. Nikamtamkia.

Njia ya kurudi nililishika kopo mapajani, angani na barabarani. Goma nilifika mchana wa vumbi, nikaenda Ndosho moja kwa moja. Shemeji yake Mama Riziki akaniambia kwamba amesharudi kwao, yeye na jirani zake wote. Watu walisikia barabara imetulia, wakafunga virago.

Kwa hiyo nikashika njia ya kaskazini kwa pikipiki ya kukodi, nyuma ya dereva. Kanyaruchinya tulipita bila kusimama: mawe meusi ya volkano, vipande vya turubai vimenasa kwenye miiba, na mashimo ya vyoo. Tukapita Kibumba, halafu Rugari, mashamba yakianza kurudi kijani mahali palipolimwa. Nilikuwa na furaha, nakiri. Nilikuwa nikiwawazia watoto wamesimama uani, wakirusha.

Kalengera. Nilimkuta Mama Riziki akipalilia maharage pembeni mwa nyumba yake. Kuta za udongo zilikuwa zimesimama vizuri, mlango upo. Juu hapakuwa na kitu. Mabati yalibebwa wakati wa vita, ya kwake na ya jirani zake, na familia inalala ndani ya kuta zile chini ya turubai lile lile walilotoka nalo kambini.

Alipokea kopo kwa mikono miwili, akafungua, akafunua kila karatasi, akataja majina. Yalikuwa yote. Akanishukuru. Kisha akainua macho juu ya kuta, nami nikainua yangu.

Nilimwambia kanisa lina mabati, labda watoto watupe kule. Akatikisa kichwa.

"Jino hatutupake ku nyumba ya bantu, Madame. Tutangoja."

Akayahamisha meno ya watoto wake kwenye pembe ya kitenge, akafunga fundo. Kisha akauliza ile mashine ilisema nini. Nikamwambia ilisema ni maji, wala si uchafu wake.

"Mayi tulijua," akasema. "Tulikosa ingine. Ule bwana alishasikia?"

Nikamweleza kwamba nililitumia shirika lake matokeo yote. Walinijibu kwa heshima kwamba wameyapokea, na kwamba yule bwana amehamishiwa nchi nyingine. Mama Riziki aliguna, akaokota jembe. Mimi ndiye niliyebaki nimesimama na hasira zangu, maana yeye hana nafasi ya kuziweka.

Nilichojifunza ni hiki. Mara zote nilidhani tunadharauliwa kwa sababu hakuna anayejua. Sasa tumepima, tena kwa mtambo wa maana, kila kitu kimejulikana, na turubai liko pale pale. Anayewaita watoto hawa wachafu hana kisingizio tena cha kutojua, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi kuliko siku ya foleni.

Kabla sijaondoka, mama akamtuma Riziki amletee mgeni maji. Riziki amekuwa mkubwa. Meno yake mapya yameota yote, yana madoa, na anaposema huziba mdomo kwa kiganja. Alichota kwenye ndoo iliyokingwa chini ya turubai, maji ya mvua, akaniletea kikombe, akapiga goti kidogo kama alivyofundishwa. Hakuna mtu Goma nzima anayejua kuliko mimi kilichomo ndani ya maji hayo. Alisubiri mbele yangu, akitazama kama nitakunywa.

Nikakipokea kwa mikono miwili, nikanywa mpaka chini.