Kanzu ya Mzee Sulaimani

Mzee Sulaimani, askari mstaafu wa Koboko, kaskazini mwa Uganda, alikuwa ameshatoa amri: binti yake Kulusum aache kazi ya zahanati. Kazi gani hiyo, mtu mzima kuchungulia bomba la darubini kutwa nzima, ati anatafuta dudu kwenye damu za watu? Kulusum alilia, akabembeleza, mpaka mzee akalegeza kidogo. Ilikuwa kiangazi cha mwaka 1974.

"Sawa. Kesho mimi nakuja," alisema. "Kama naona hii dudu na macho yangu, unafanya kazi. Kama sioni, unakaa nyumbani."

Mama yake, Madinah, alisikia neno moja tu: anakuja. Na wanawake wa Kinubi hawampokei mtu kwenye chumba kitupu, hata awe mume wao wenyewe. Alfajiri akaenda zahanati, akafukiza ubani, akatundika dirishani pazia alilolitarizi kwa nyuzi nyekundu na kijani, akalipigilia misumari pembe zote. Maskini Madinah! Darubini ilitegemea dirisha lile lile. Umeme haukuwapo; chini ya darubini kulikuwa na kioo kidogo cha kuzungushwa mpaka mwanga wa mchana upande juu, uingie katikati sawasawa, ama sivyo huoni kitu.

Mzee alipofika, Kulusum akainama kwenye darubini. Upande mmoja wekundu, upande wa pili giza. Ang'oe kazi ya mikono ya mama mbele ya baba? Afadhali afe. Akaigeuzia darubini mlangoni, lakini nje kulikuwa na udongo mwekundu tu. Mwanga ukaja hafifu, umekaa kombo. Mzee alishaanza kukohoa kikohozi cha kuaga. Kulusum akamtazama, kanzu yake nyeupe pe, imenyooshwa kwa pasi ya makaa.

"Baba, simama kule nje, kwa jua. Usitingishike."

Mzee akasimama wima kama yuko gwaride. Kulusum akazungusha kioo taratibu. Weupe ukachungulia pembeni, ukasogea, ukasogea tena, ukatulia katikati, duara zima. Na ndani ya tone la damu ya Wani, mpakizi wa malori ya mpakani Oraba aliyelala benchini na homa, mdudu wa malale alikuwa akijinyonganyonga. Furaha ikamjaa Kulusum kifuani: Wani amewahi, sindano zitamponya!

"Baba, njoo uone!"

Mzee akaja mbio, akaweka jicho. "Iko giza tu!"

Akarudi juani, mwanga ukarudi. Akaja tena, giza. Madinah alicheka mpaka akakaa sakafuni.

"Wewe ndiyo taa, Baba Kulusum! Taa gani inatembea?"

Mzee akanuna. Kisha akarudi kusimama palepale. "Haya, Madinah, wewe angalia. Niambie kweli."

Madinah akainama. "Yallah! Iko hai! Iko nacheza!"

Mzee akatoka juani. Akaingia, akaipita darubini bila kuitupia jicho, akaketi kando ya Wani na kumshika mkono.

"Usiogope, kijana," alisema. "Mtoto yangu ameona ugonjwa yako."